Povu la Asili na Hesabu Zake

Anayeoga kwa maji ya kisima katika maeneo mengi ya Dar es Salaam anaijua shida hii bila kufundishwa. Kipande cha sabuni kinasuguliwa mpaka mkono unachoka, maji yanageuka meupe kama yaliyotiwa maziwa, na povu halionekani. Madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo ndani ya maji hayo hushikana na sabuni kabla haijafika mwilini, yakaacha utando mweupe kwenye ndoo na kwenye kuta za bafu. Ndiyo maana shampuu na sabuni za maji, ambazo hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, zilipokelewa kwa furaha katika nyumba hizo, na ndiyo maana pia povu limekuwa mizani ya ubora katika jiji letu: bidhaa isiyotoa povu huhesabiwa kuwa imechakachuliwa, hata kama inaosha vizuri.

Katika soko hilo hilo linalolipenda povu limeingia neno la pili, nalo ni asili. Chupa zenye picha ya jani zinauzwa Kariakoo na katika kurasa za wajasiriamali mitandaoni, zikiahidi povu litokanalo na mimea, lisilo na salfeti, yaani viungo vya kuosha vya kiwandani, na mara nyingine, kwa ujasiri unaoshangaza, lisilo na kemikali yoyote. Pale ahadi hiyo inapokuwa ya kweli, nyuma yake husimama kundi la viungo viitwavyo saponini. Hoja yangu ni kwamba saponini ni viungo halisi vyenye kazi halisi, lakini kazi hiyo ni nyembamba kuliko inavyotangazwa, na kwamba neno asili lisipoambatana na kiasi cha kiungo, usafi wake na namna kilivyohifadhiwa, halimwambii mnunuzi lolote la maana.

Anayetaka kuziona saponini zikifanya kazi hana haja ya kwenda maabara. Sufuria ya maharage inapoanza kuchemka, povu jeupe linalopanda na kusukuma kifuniko hutokana na protini za maharage pamoja na saponini zilizomo katika mbegu zake. Molekuli ya saponini ina pande mbili zisizopatana: upande mmoja ni mnyororo wa sukari unaopenda maji, na upande wa pili ni umbo gumu, la aina ya triteripeni au ya steroidi, linaloyakimbia maji na kuvutwa na mafuta. Zikiwa majini, molekuli hizo hukimbilia juu na kujipanga pale maji yanapokutana na hewa, na mvutano wa uso wa maji, ambao kwa maji safi ni kama milinyutoni 72 kwa mita, hushuka, hivyo hewa ikiingia ndani hupata ngozi ya kujifunika na kuwa povu. Kinachozitofautisha saponini na viungo vingi vya kiwandani ni kwamba zikishajipanga hushikana zenyewe kwa zenyewe na kufanya utando mgumu kiasi. Povu lake huwa na viputo vidogo na hudumu. Wanafunzi wa kemia ya mimea huitambua saponini kwa jaribio rahisi kuliko yote, yaani kutikisa chupa yenye maji ya mmea na kuangalia kama povu bado lipo baada ya dakika 10 au 15.

Hata jina lake si geni kama linavyosikika. Saponini imetokana na neno la Kilatini sapo, na ni neno hilo hilo lililoingia katika Kiarabu na hatimaye likafika pwani yetu kama sabuni. Watu walifulia kwa mimea hii kabla kiwanda chochote hakijajengwa. Wahindi waliosha nywele kwa maganda ya tunda la ritha na maganda ya mmea wa shikakai, Wazungu waliosha sufu kwa mizizi ya mmea wa saponaria, wenyeji wa Chile walitumia gome la mti uitwao quillay, na kina mama wa Ethiopia walifulia shuka zao kwa matunda makavu ya endodi.

Maganda ya ritha na unga wa shikakai hupatikana hata hapa jijini, katika maduka ya viungo na dawa za Kihindi. Nilinunua gramu 50 za maganda ya ritha, nikayachemsha katika lita moja ya maji ya kisima, nikachuja kwa kitambaa. Povu lilitoka, tena katika maji yale yale yanayoishinda sabuni ya kipande, kwa sababu saponini hazigandi zinapokutana na kalsiamu kama inavyoganda sabuni. Nilikiri moyoni kwamba wauzaji hawasemi uongo mtupu. Vyombo vya chai vilitakata, na fulana ya jasho ikatakata. Nywele zilizopakwa mafuta ya mgando kwa wiki nzima zilikataa: mkupuo wa kwanza povu lilikufa papo hapo, wa pili likakohoa kidogo, wa tatu ndipo likakaa, na bado vidole viliteleza.

Sababu yake ni hesabu ya kawaida. Ganda la ritha linakadiriwa kuwa na saponini za kiasi cha asilimia 10 au 11 ya uzito wake. Katika gramu 50 za maganda, basi, mna gramu tano na ushei za saponini, na hata kama maji ya moto yangezitoa zote, jambo ambalo hayawezi, lita yangu ingekuwa na nguvu ya nusu ya asilimia moja. Shampuu ya kawaida ya dukani hubeba viungo vya kuosha vya kiasi cha asilimia 10 hadi 15, yaani gramu 100 na zaidi katika kila lita. Mtu anayeulinganisha mchemsho wa nyumbani na shampuu ya chupa analinganisha kikombe na pipa, kisha anashangaa kwa nini kikombe hakikujaza pipa.

Wapo watakaosema kwamba dawa yake ni kuongeza maganda. Ukiongeza sana unapata maji ya kahawia yenye harufu nzito ya siki na matunda yaliyoiva kupita kiasi, yenye sukari, protini na tanini ambazo hazioshi chochote. Kwa hiyo watengenezaji waliozoea kazi hii hawatumii mchemsho bali dondoo iliyochujwa na kukaushwa, na hata hiyo kwa kawaida huiweka kama kiungo cha pili, wakikiachia kiungo kingine kazi nzito ya kuondoa mafuta. Saponini hulifanya povu liwe laini na lidumu, ile kazi ambayo katika vinywaji vya viwandani dondoo ya quillay hufanya kwa jina la E 999, ikilishikilia povu juu ya glasi bila kuosha chochote. Huo ndio wembamba wa kazi niliousema.

Tena povu na usafi ni mambo mawili ambayo tumeyaozesha wenyewe. Sabuni za unga za mashine za kufulia zinazofunguliwa kwa mbele hutengenezwa makusudi zisitoe povu jingi, na nguo hutoka safi. Povu lina faida yake, kwani husaidia sabuni kuenea kichwani, hubaki mahali lilipopakwa na humwonyesha mtu alikokwisha kupita, lakini wingi wake hauonyeshi kiasi cha uchafu kilichoondoka. Fundi wa saluni anajua kwamba kichwa chenye mafuta mengi hakitoi povu mara ya kwanza, na kwamba povu la mara ya pili ni ishara kuwa mafuta yamekwisha, si kwamba shampuu imepata nguvu mpya.

Baada ya kusema hayo, udhaifu wa saponini una mahali ambapo ni fadhila. Nywele zetu za kipilipili hukauka upesi, kwa sababu mafuta ya asili ya kichwa hupata shida kusafiri kwenye unywele uliojikunja, na shampuu kali huyafagia hata yale machache yaliyopo. Anayefuga nywele za asili na kuzipaka mafuta mepesi ya nazi ananufaika na kiosheo kisicho na haraka. Dondoo nyingi za saponini pia ni za uchachu kidogo, zikikaribia hali ya ngozi yenyewe, ambayo pH yake, kipimo ambacho namba ndogo ndiyo uchachu, ni kama 5, ilhali sabuni ya kipande huwa na pH ya 9 au 10. Mwenye ngozi kavu atauhisi utofauti huo ndani ya wiki moja. Anayejipaka mafuta ya mgando mchana na usiku, au anayerudi jioni kutoka gereji, atafute kitu kingine.

Shida yangu kubwa si na mmea bali na kibandiko. Katika vipodozi vingi viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kikitangulia, na vile visivyofika asilimia moja vikipangwa vyovyote vile mwishoni. Ukiisoma chupa iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni shampuu ya mlonge au ya mshubiri, mara nyingi utakuta baada ya maji inafuata sodiamu laurethi salfeti, ambayo watengenezaji wa sabuni za maji wa Kariakoo huiita slesi na kuinunua kwa kilo ikiwa kama uji mzito. Hiyo ndiyo inayotoa povu. Mlonge unakuja mkiani, baada ya manukato. Si kosa kutumia slesi; haisababishi saratani kama uvumi wa simu unavyodai, na chanzo chake mara nyingi ni mafuta ya nazi au ya mbegu za mawese, ambayo nayo ni mimea. Kosa ni kulipa jani sifa ya kazi iliyofanywa na slesi, na kumtoza mama wa watu bei ya jani.

Mjasiriamali anayetaka kuiacha slesi kweli kweli hukutana na ugumu ambao semina za siku moja za kutengeneza sabuni haziugusi. Slesi hufanywa nzito kwa chumvi ya mezani: unaikoroga kidogo kidogo mpaka uzito unaoutaka unapatikana, na kila fundi ana kipimo chake. Saponini haziitikii chumvi kwa namna hiyo. Ukizitia chumvi hubaki majimaji, na itakubidi ununue gamu ya kuzifanya nzito, ambayo ni ghali. Mnunuzi aliyezoea sabuni nzito huliona jambo hilo kuwa uchakachuaji, kwa sababu katika mawazo yake wepesi ni maji yaliyoongezwa. Nimewahi kumsikia muuzaji mmoja akieleza kwa dakika nzima kwamba bidhaa yake ni nyepesi kwa sababu ni halisi, na mteja akaondoka na chupa ya jirani.

Kisha kuna kuoza. Mchemsho wangu wa ritha ulianza kutoa harufu siku ya tatu, na siku ya tano ulikuwa na utando juu. Katika joto la Dar es Salaam, kimiminika chochote chenye sukari na protini za mmea ni karamu ya bakteria na ukungu, na povu lake haliwazuii. Bidhaa ya saponini inayodai haina kihifadhi, tena imekaa kwenye rafu miezi mitatu, ama ina kihifadhi kisichotajwa ama ina wadudu wasiotajwa. Hapo ndipo ningependa mamlaka iweke mkazo. Usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019, kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na nembo ya shirika hilo kwenye kibandiko ina uzito kuliko picha yoyote ya jani. Mtengenezaji mdogo naye ana haki ya kupimiwa bidhaa kwa gharama anayoiweza, la sivyo ataendelea kuuza kwa maneno matupu.

Usalama wenyewe hauji na neno asili. Saponini hushikamana na kolesteroli iliyo katika tando za seli na kuzitoboa, ndiyo maana zikiingia katika damu huvunja chembe nyekundu, na ndiyo maana samaki, ambao matamvua yao yako wazi kwa maji, hufa zikimwagwa mtoni. Ngozi isiyo na jeraha hujikinga, kwa kuwa tabaka lake la juu ni la seli zilizokwisha kufa. Jicho halina kinga hiyo. Maji ya ritha yakiingia jichoni huchoma vikali, na wanaoyatangaza kwa ajili ya watoto wachanga kwa hoja kwamba hayana kemikali wanacheza na macho ya watu.

Katika jambo hili hakuna kisa kinachotufaa kuliko cha jirani zetu wa Ethiopia. Mwaka 1964, huko Adwa, mtafiti Aklilu Lemma aliona kwamba chini ya mahali kina mama walipokuwa wakifulia kwa endodi, konokono wengi wa mtoni walikuwa wamekufa, ilhali juu ya mahali hapo walikuwa hai. Konokono hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Saponini za sabuni ya asili zilikuwa zimewaua. Aliifuatilia sayansi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa mmea, nami nakubali, lakini naongeza kwamba ni kisa cha kipimo vile vile: kiungo kile kile kilikuwa sabuni kwenye beseni na sumu hatua chache chini ya mto, na hakuna aliyejua mpaka alipotokea mtu wa kuhesabu konokono.

Hayo yananirudisha kwenye mti wa quillay na swali la nani autumie. Saponini za gome lake zimo katika viongeza nguvu vya chanjo zote mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ile ya RTS,S mwaka 2021 na ile ya R21 mwaka 2023. Majaribio makubwa ya RTS,S, yaliyofanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika, yalihusisha watoto wa Bagamoyo na wa Korogwe. Mti unaomea Chile umekwisha kufanya kazi katika mikono ya watoto wetu, na kazi hiyo nzito inahitaji miti inayokua taratibu na misitu isiyovunwa ovyo. Sioni sababu ya mtengenezaji wa shampuu wa Mbagala au Tegeta kuagiza dondoo hiyo kutoka ng'ambo ya dunia ili apate povu zuri na sentensi nzuri kwenye kibandiko.

Hasa kwa kuwa Korogwe kwenyewe kuna saponini. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na ambao katika miaka ya 1960 uliifanya Tanzania kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, una saponini za aina ya steroidi ndani ya jani lake. Singa tunazouza ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Mengine yote, nyama na maji, hutoka kwenye korona, ile mashine ya kuchambua majani ya mkonge, na kwa kiasi kikubwa humwagwa. Nilipopita karibu na korona moja barabara ya Tanga, mfereji wa maji machafu ulikuwa na povu la rangi ya kijani lililojaa hadi ukingoni, na dereva aliniambia linakuwa hivyo kila siku. Wala thamani yake si habari mpya: katika miaka ya 1950 watengenezaji dawa wa Uingereza walitumia hekojenini, yaani ule upande wa steroidi wa saponini, iliyotolewa katika mkonge wa Afrika Mashariki ili kutengeneza dawa za steroidi. Ndugu wa mkonge aitwaye yuka, anayemea katika jangwa la Mexico, anakamuliwa na maji yake kuuzwa duniani kama kitoa povu cha vinywaji na vipodozi.

Sisemi kwamba mfereji ule ni shampuu. Maji ya mkonge huwasha, na kila aliyewahi kukata majani anajua jinsi yanavyowasha mikono, kwa sababu yana sindano ndogo mno za oksaleti ya kalsiamu pamoja na saponini zisizosafishwa. Ingelazimu yachujwe sindano hizo, yaondolewe rangi na harufu, yapimwe muwasho wake, kisha saponini zikaushwe. Kituo cha utafiti cha Mlingano kimeujua mkonge kwa miongo mingi, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ina wanafunzi wa sabuni mikoani, ila kati ya wawili hao panahitajika mkemia na pampu. Kinachoamua zaidi ni muda, kwani maji yaliyotoka kwenye korona huanza kuchacha ndani ya saa chache. Mtambo wa kuzitoa saponini ungelazimika kukaa Korogwe au Muheza, hatua chache kutoka korona, na fundi wa Dar es Salaam angeletewa unga mkavu kwenye mfuko, ulioandikwa asilimia yake ya saponini, ili naye ajue gramu ngapi atie katika kila lita.